Ukucha, Bugali na Sambaza

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu, Kongo, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walichapisha ugunduzi usiohitaji sindano wala tone la damu. Kishabongo, daktari Philippe Katchunga, profesa Joris Delanghe na wenzao walionyesha kwamba vipande vya kucha, vile tunavyovikata na kuvitupa, vinaweza kueleza nani ana ugonjwa wa sukari na nani hana.

Kazi yenyewe ni ya maabara ya kawaida. Vipande vya kucha vinatayarishwa, kisha vinakutanishwa na kemikali ambayo hugeuka zambarau inapogusa protini iliyoshikwa na sukari. Rangi ikikolea, sukari ilikuwa nyingi. Ikiwa hafifu, sukari ilikuwa kidogo. Ukucha wa mkono hukua milimita 3 hivi kwa mwezi, kwa hiyo ncha unayoikata leo ilianza kutengenezwa miezi kadhaa iliyopita na imebeba kumbukumbu ya siku hizo. Damu huharibika ikikosa baridi. Ukucha unaweza kukaa ndani ya bahasha, ukasafiri juu ya lori kutoka kijiji kisicho na umeme, ukafika mjini bado unasema kweli. Simwambii mtu aache kuchomwa kidole kwa muganga, maana kipimo cha damu ndicho kinachoamua. Ila ugunduzi huu wa Bukavu unatuonyesha kitu ambacho kipimo cha kidole hakituonyeshi kwa macho: sukari ikizidi, hushikamana na mwili wenyewe.

Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza kemia hiyo mwaka 1912. Sukari na protini zikikutana kwenye joto huungana na kubadilika rangi. Ndiyo maana nyama juu ya makaa inakuwa ya kahawia na kutoa ile harufu inayovuta wapita njia. Ndani ya mwili joto ni nyuzi 37 tu, kwa hiyo jambo hilohilo hutokea polepole, miezi na miaka. Kwenye ukucha halina madhara. Kwenye mishipa midogo ya macho, kwenye figo na kwenye neva za miguu lina madhara makubwa, na huko ndiko upofu na vidonda visivyopona vinakoanzia.

Sasa tuulize sukari hiyo inatoka wapi. Wagonjwa wengi hujibu kwa unyofu kabisa kwamba wao hawali sukari. Chai wanakunywa kavu. Lakini sahani yao ya mchana ina bugali wa unga wa muhogo.

Wanga wa muhogo ni ushanga mrefu ambao kila punje yake ni glukosi. Mate na utumbo vinaukata uzi, punje zinamwagika, zinaingia damuni. Ulimi hausikii utamu mkubwa, lakini damu inapokea sukari ileile. Gramu 100 za unga mkavu wa muhogo zina wanga zaidi ya gramu 80, na protini gramu 1 au 2 tu. Mtu mzima anayeshiba bugali barabara humaliza unga mwingi zaidi ya huo kwa mlo mmoja. Linganisha na hali ya kawaida ya mwili: katika damu yote ya mtu mzima, lita 5 hivi, sukari inayozunguka ni gramu 5 kwa makadirio, kijiko kimoja cha chai. Kongosho linapaswa kutoa insulini ya kutosha ili mafuriko hayo yaingie kwenye misuli na ini kwa wakati. Likiwa na nguvu, linafanya hivyo bila wewe kuhisi lolote. Likichoka, au mwili ukiacha kuisikia insulini, sukari inabaki barabarani.

Hapa nataka kuutendea muhogo haki, kwa sababu umewahi kushtakiwa mara nyingi. Katika kisiwa cha Idjwi, hapo mbele yetu katika Ziwa Kivu, wanasayansi wa Ubelgiji Delange na Ermans walichunguza rovu tangu miaka ya 1960, enzi za kituo cha utafiti cha Lwiro. Iodini ilikuwa chache kisiwa kizima, lakini rovu lilizidi sana upande wa kaskazini, na uchunguzi ukaelekea kwenye muhogo na sumu yake ya sianidi. Katika kesi hiyo muhogo ulipatikana na hatia, angalau pale iodini inapokosekana. Baadaye watu wakasema sumu hiyohiyo ndiyo inayoleta ugonjwa wa sukari. Andrew Swai, Donald McLarty na wenzao walikwenda kupima katika jamii ya Tanzania iliyokuwa ikiishi kwa muhogo wenye sumu nyingi, na mwaka 1992 wakatoa jibu: watu wale hawakuwa na ugonjwa wa sukari kupita wengine. Wakulima wanaoamka kulima na kubeba mizigo mlimani wanaweza kula muhogo maisha yao yote bila kupata ugonjwa wa sukari.

Tofauti inaanza mjini. Katchunga na wenzake walipopima watu wazima wa Kivu Kusini, matokeo waliyochapisha mwaka 2012 yalitaja mambo mawili makubwa yanayoendana na ugonjwa wa sukari: umri, na kuishi mjini. Hilo linaeleweka ukitazama maisha ya Bukavu. Bugali ni ule ule wa Kabare na Walungu, lakini mtu aliyeula sasa anakaa dukani tangu asubuhi, anapanda pikipiki kutoka Nyawera hadi Panzi, anakunywa soda saa nne, na ana miaka 50. Mwili uliokuwa ukiumaliza wanga ule haupo tena. Chakula kimebaki cha mkulima, maisha yamekuwa ya mjini.

Basi dawa ya kwanza ni kupunguza wanga, na wazo hilo si jipya. Paris ilipozingirwa na jeshi la Prussia mwaka 1870 na 1871, daktari Apollinaire Bouchardat aliona kwamba wagonjwa wake wa sukari, waliokosa mkate kwa sababu ya vita, sukari ilipungua katika mkojo wao. Mwaka 2021 jarida la BMJ lilichapisha uchambuzi wa majaribio 23 ya mlo wenye wanga kidogo kwa wagonjwa wa sukari ya aina ya pili. Baada ya miezi 6, katika majaribio yaliyopima jambo hilo, watu 57 kwa kila 100 waliopunguza wanga walikuwa wameshuka chini ya mpaka wa ugonjwa, wakati kwa waliofuata mlo mwingine ni 31. Lakini ulipofika mwaka mzima, tofauti ilikuwa imefifia.

Nimeirudia sentensi hiyo ya mwisho mara nyingi, kwa sababu ndiyo inayotuhusu jikoni. Kwa maoni yangu mlo ule haukushindwa na kemia. Ulishindwa na meza. Watu walichoka. Mtu aliyepewa karatasi ya vyakula vilivyokatazwa, akala mboga iliyochemshwa na chumvi kidogo huku familia ikimega bugali na samaki, atavumilia miezi michache kisha atarudi. Ladha ni sehemu ya tiba. Na katika jambo la ladha, Bukavu hatuhitaji kufundishwa na mtu, kwa sababu mboga zetu ndizo tamu. Bugali wenyewe hauna ladha, kazi yake ni kubeba mboga mdomoni.

Anza na sambaza. Hawa samaki wadogo hawakuwa wa Ziwa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya 1958 na 1960, wakazaana, na leo ndio wanaovuliwa usiku kwa mitumbwi ya taa inayofungwa pamoja kwa miti mirefu, huku wavuvi wakiimba. Hawana wanga hata kidogo, wana protini, na kwa kuwa unawala wazima na mifupa yao unapata madini ya chokaa pia. Kwa watu sita, nunua nusu kilo ya sambaza wabichi waliofika asubuhi. Waoshe, wachuje, wapake chumvi na maji ya ndimu, waache wakauke kidogo, maana samaki mwenye maji hakaangiki, anachemka. Washa babula makaa yashike vizuri. Weka mafuta kiasi cha kufunika kitako cha sufuria, na yakianza kutetema mimina sambaza kwa mafungu. Usiwaguse mapema, ukiwakoroga wakiwa laini watavunjika na utabaki na uji. Subiri wakakamae upande mmoja, uwageuze, uwatoe. Katika mafuta yanayobaki kaanga vitunguu viwili hadi viwe na rangi, ongeza saumu iliyotwangwa, seleri, pilipili moja nzima isiyopasuliwa, na nyanya sita zilizokatwa. Acha nyanya zipikike kweli, mpaka maji yaishe na mafuta yajitenge pembeni. Hapo ndipo mchuzi unapata uzito bila unga wowote. Rudisha samaki, dakika tatu, kamulia ndimu, epua. Vile vidonge vya mchuzi vya dukani uviweke mbali: chumvi yake ni nyingi, na mwenye sukari mara nyingi ana presha pia.

Pembeni yake weka lengalenga. Majani haya karibu yote ni maji, nyuzinyuzi na madini. Wanga wake ni mdogo mno. Kosa tunalolifanya ni kuyachemsha hadi yapoteze rangi na kumwaga maji. Yakate, yaweke kwenye sufuria ya moto na kitunguu kilichokwisha kulainika, yatatoa maji yake yenyewe. Yakinywea, tia biringanya iliyokatwa vipande vidogo, kisha karanga zilizokaangwa na kusagwa, vijiko vinne vikubwa. Karanga zinashika majani pamoja, zinaleta mafuta na protini, na ndizo zitakazomfanya mlaji asikumbuke bugali saa mbili baadaye. Sombe pia ni chakula kizuri cha mwenye sukari. Ni majani ya muhogo, si mzizi. Ila itwangwe sana na ichemshwe muda mrefu, sufuria ikiwa wazi, ili sianidi itoke, ndipo utie mawese, vitunguu na ndagala.

Na mkono utamega nini? Hili ndilo swali lenyewe, kwa sababu kwetu mtu anaweza kula nyama, mayai na maharagi akashiba kabisa, kisha akasema leo hajakula, kwa kuwa bugali haukuwapo. Chukua kabichi, tenga majani makubwa, yatumbukize katika maji yanayochemka kwa dakika mbili, yachuje, yakate vipande vya upana wa kiganja. Jani lililolainika linashika sambaza na mchuzi wake vizuri, na vidole vinaendelea na kazi viliyoizoea. Asiyeweza kuacha bugali kabisa, na wengi hawawezi, apige tonge moja lenye ukubwa wa ngumi yake mwenyewe badala ya mlima, na alile mwisho.

Kulila mwisho kuna sababu ya kisayansi. Mwaka 2015 huko New York, Alpana Shukla na wenzake wa chuo cha tiba cha Weill Cornell waliwapa wagonjwa wa sukari chakula kilekile mara mbili, kwa utaratibu tofauti. Siku moja walianza na mkate, nyama na mboga zikafuata dakika 15 baadaye. Siku nyingine walianza na mboga na nyama. Walipoanza na mboga na nyama, sukari ilikuwa chini kwa zaidi ya robo, nusu saa baada ya kula, na kwa zaidi ya theluthi baada ya saa moja. Wagonjwa walikuwa 11 tu, nasi hatupaswi kujenga nyumba nzima juu ya watu 11, lakini maelezo yake yanaeleweka: nyuzinyuzi, mafuta na protini zikitangulia, tumbo linafungua mlango polepole na sukari haimwagiki kwa mkupuo. Hakuna dawa ya bei ndogo kuliko hiyo. Bakuli la lengalenga kwanza, samaki pili, tonge mwisho. Kwa nyumba zetu, ambako tonge na mboga huingia mdomoni pamoja, ni mabadiliko ya tabia. Ndiyo maana ni vizuri nyumba nzima ifanye hivyo, baba asitengewe sahani yake ya ugonjwa kama mtu aliyetengwa.

Maharagi yanahitaji neno lake. Ukiyapima yakiwa makavu, zaidi ya nusu yake ni wanga, na kwa hiyo wafuasi wakali wa mlo wa wanga kidogo huyakataza. Mimi siwafuati. Mwaka 1981 David Jenkins na wenzake wa Toronto, mji uleule ambamo Banting na Best walipata insulini mwaka 1921, walipanga vyakula 62 kwa kasi ya kupandisha sukari, na jamii ya kunde ikawa chini kabisa. Wanga wa maharagi umefungwa ndani ya nyuzinyuzi, unatoka taratibu. Tena watafiti wa INERA, taasisi ya utafiti wa kilimo, pale Mulungu wamefanya kazi miaka mingi kuzalisha maharagi yenye chuma nyingi kwa wakulima wetu. Kikombe kimoja cha maharagi yaliyopikwa, na kitunguu na nyanya, kikichukua nafasi ya nusu ya bugali, ni mlo ambao familia yoyote ya Bagira inaweza kuumudu.

Gharama siwezi kuiruka. Tangu Februari 2025, mji wa Bukavu ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23 na mabenki yakafungwa, nyumba nyingi zimeishi kwa pesa ya siku kwa siku, na unga ndio unaojaza matumbo mengi kwa pesa ndogo. Anayesema acheni bugali mle nyama hajui soko la Kadutu. Ndiyo maana sizungumzii nyama. Nazungumzia majani, karanga, maharagi, mayai pale yanapopatikana, na avokado, ambalo katika msimu wake huuzwa kwa mafungu barabarani na tunalidharau kwa sababu ni jingi. Avokado lina mafuta mazuri, na sehemu kubwa ya wanga wake mdogo ni nyuzinyuzi. Likate asubuhi, chumvi, ndimu, kitunguu chembamba, pilipili, yai lililochemshwa pembeni. Huo ni mlo wa kwanza unaokufikisha mchana bila mandazi. Na kitu kimoja hakigharimu ila kinaokoa: acha soda, na vijiko vitatu vya sukari kwenye chai. Kasiksi na bia navyo vina wanga, hata kama havitafunwi.

Lipo kundi ambalo makala haya yote hayalihusu hivi hivi. Katika nchi zetu wapo wagonjwa wa sukari waliokonda, wengine vijana, ambao mwili wao ulikosa chakula tangu utoto na kongosho lao halitoi insulini ya kutosha. Mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikubali kuiita hali hiyo kisukari cha aina ya 5. Mtu huyu akipunguza chakula anaangamia. Anahitaji kulishwa, protini zaidi, chini ya uangalizi. Mtoto na mama mjamzito nao wasipunguziwe wanga kwa ushauri wa gazeti.

Na wewe unayechoma insulini au kumeza vidonge vya kushusha sukari, sikiliza vizuri. Dozi yako ilipangwa kwa bugali ule wa zamani. Ukiukata ghafla na dozi ikabaki ileile, sukari inaweza kuporomoka usiku: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, na mtu anaweza kupoteza fahamu na kufa. Nenda kwanza kwa muganga anayekufuata, mwambie unataka kupunguza bugali, mpange dozi upya, na upimwe mara nyingi zaidi wiki za mwanzo. Ukitoka huko ndipo upitie sokoni kununua sambaza.